Lori Lililomkataa Mwenye Nalo

Cherehani yangu haijawahi kuniuliza kama niliinunua. Naitia uzi, nakanyaga pedali, inashona. Ikikwama najua sindano imepinda au mafuta yamekauka, na haijatokea siku ikanitaka nitafute risiti ndipo inipigie mshono. Nasema hivi kwa sababu nimeishi chumba kimoja na kompyuta ya mume wangu, yeye na usukani wake kwenye kona ya dirisha, mimi na vitambaa vya sare za shule karibu na mlango, na kuna mwaka mashine yake ilinichosha kuliko nilivyochoka kulea watoto watatu.

Mume wangu alikuwa dereva wa malori. Mtaani wanamwita Dereva mpaka leo, ingawa mgongo ulimshusha garini siku nyingi. Daktari alimwambia pingili zimesagika, asikae tena kwenye kiti kinachotikisika, na kuinama asahau. Akarudi nyumbani na begi la nguo, mto wake wa kukalia, na jiwe. Mtu aliyezoea kuamkia mji mwingine hajui afanye nini na sebule. Wiki ya kwanza alinipangia upya vyombo vya jikoni, vizito chini, vyepesi juu, mpaka nikamwambia, "Baba watoto, hili kabati si tela."

Jiwe inabidi nilieleze, maana bila jiwe hutamwelewa Utingo.

Kwa wasiojua mambo ya malori, utingo ni yule anayekaa kiti cha pembeni, anafunga turubai, anaosha gari, anashuka kumwongoza dereva akirudi nyuma. Huyu wetu alifanya kazi na mume wangu tangu wote wawili wana nywele nyeusi mpaka wote wawili hawana nywele. Lori lao lilikuwa na breki ya mkono isiyoaminika, na tajiri wao alikuwa mtu wa kesho tutatengeneza. Kwa hiyo walitembea na jiwe jeusi la mtoni, kubwa kama mkate, chini ya kiti. Kila waliposimama, hata kama ni kunywa chai tu, mume wangu alisema, "Weka jiwe." Utingo alishuka, akalisukumiza chini ya tairi, akapaza sauti, "Nimeweka." Hapo ndipo injini ilipozimwa. Miaka yote ile hawakuuvunja utaratibu huo, na lori halikuwatoroka hata mara moja.

Utingo alitaka sana kuendesha. Ujanani alikwenda kutafuta leseni, wakamwangusha kwenye macho. Ule ubao wa herufi alisoma mistari ya juu, ya chini akabaki anakisia. Tangu hapo, barabara ikinyooka na ikiwa tupu, alikuwa anauliza, "Bosi, leo nishike kidogo?" Mume wangu anamjibu, "Safari ijayo." Ukawa utani wao wa kudumu. Lakini mimi ndiye niliyewapikia wakirudi, na nilimwona Utingo anavyozitazama funguo zikitundikwa ukutani. Si utani wote ule. Simlaumu mume wangu, macho ni macho, na gari lilikuwa na mwenyewe.

Kazi ilipokwisha, Utingo alihamia kwa binti yake, mbali, safari ya siku nzima kwa basi, ambayo mgongo wa mume wangu hauiwezi. Waliachana pale stendi bila maneno mengi. Jiwe likaja kwangu kuzuia mlango usijifunge na upepo.

Habari ya gemu ilianza na mwanetu wa mwisho. Alipopata kazi mji mwingine alituachia kompyuta yake ya zamani na usukani wa plastiki wenye pedali zake, akamwonyesha baba yake kwamba kuna gemu ya kuendesha malori. Malori yenyewe hasa, yenye gia nyingi, yenye vioo, yenye tela linalokataa kukunja ukilikurupusha. Mume wangu alitazama dakika chache, akasema, "Huyu aliyetengeneza hii amewahi kupanda lori." Kwake hiyo ni sifa kubwa kuliko zote.

Vijana wa mtaani walimwambia, mzee, sisi tunayo ya kuchakachua, tukuwekee bure. Akakataa katakata. Maisha yake yote hakubeba mzigo usio na karatasi, alisema, hataanza uzeeni kwa lori la picha. Akatembea na mgongo wake ule mpaka duka la vifaa vya kompyuta, akanunua gemu orijino kwenye boksi, na namba yake ndefu ya kuiamsha imeandikwa ndani. Wiki chache baadaye akanunua boksi la pili, akampa msafiri ampelekee Utingo. Mtaa mzima ulimcheka. "Mzee, gemu huwa hainunuliwi," walimwambia, na yeye akawajibu kwamba nguo ya kuazima haisitiri.

Boksi la pili lilikuwa na sababu. Ile gemu ilikuwa na kitu wanakiita msafara: watu walio mbalimbali wanaingia kwa intaneti, wanakutana kwenye barabara moja, kila mtu na lori lake. Binti wa Utingo alikuwa na kompyuta nyumbani. Basi kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana mume wangu alikuwa anapiga simu, anaiweka sauti ya juu mezani, na nasikia, "Bosi, niko getini." Na kweli, kwenye kioo cha kompyuta, getini pa bohari, kuna lori la kijani linasubiri. Ndani yake alikuwa Utingo, ameshika usukani.

Mara ya kwanza alilitumbukiza mtaroni kabla hajatoka hata getini. Alicheka kwenye simu mpaka akakohoa. Mume wangu naye akacheka, nami nikacheka na pini mdomoni, jambo ambalo simshauri mtu. Baadaye alijifunza. Aliendesha polepole, katikati ya njia yake, akiwasha taa ya kukunja mapema kupita kiasi. Mume wangu alimfuata nyuma, na waliongea mambo ambayo sidhani waliwahi kuongea ndani ya lori la kweli. Mke wa Utingo aliyefariki. Watoto wetu. Kama mtu akizeeka anaogopa nini. Kumbe wanaume wanaweza kuongea, ila lazima wote wawe wanatazama mbele.

Miaka ikaenda hivyo. Kisha Jumamosi moja Utingo alisema, kama anayetaja hali ya hewa, kwamba amekwenda hospitali na wamemkuta na presha ya macho. Jicho moja limeshakwenda. La pili linafuata taratibu, dawa inalichelewesha tu.

Mume wangu akapunguza mwendo. "Wamesema mpaka lini?"

"Hawakusema. Wamesema nisiweke mambo kiporo. Bosi, nataka ile ya kaskazini."

Ile ya kaskazini ilikuwa barabara ndefu kuliko zote kwenye gemu, kutoka bandari iliyo chini kabisa ya ramani mpaka mji wa theluji ulio juu kabisa. Mume wangu alikuwa ameipita mara nyingi akiwa peke yake. Utingo hakuwahi kuimaliza.

"Nataka niiendeshe yote mwenyewe," alisema. "Mimi mbele, wewe nyuma. Halafu basi."

"Jumamosi ijayo," mume wangu akasema. Sikusikia "safari ijayo" siku hiyo, na niliona alivyochagua neno.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo ni dereva tu angelifanya. Aliipeleka kompyuta sevisi. Dereva wa zamani haanzi safari ndefu bila kupita gereji. Gari halisubiriwi liharibike ndipo ulifungue. Na kompyuta aliichukulia vilevile tangu siku ya kwanza. Kila baada ya miezi kadhaa aliibeba kwenye kikapu mpaka kwa Fundi Waya, yule mtengeneza simu na kompyuta wa pale kona, wakaifungua, wakapuliza vumbi, wakabadilisha kilichochoka. Feni. Diski. Kumbukumbu. Safari hii Fundi Waya alikuwa amepata ubao mkuu mzuri, ule unaobeba vifaa vyote vya ndani, kutoka kwenye kompyuta iliyokufa kioo, wakabadilisha na huo. Mume wangu alirudi amefurahi, akasema sasa itapanda mlima bila kuhema. Jumamosi baada ya chakula akaingiza namba yake ndefu kama alivyofanya kila baada ya sevisi.

Gemu ikagoma. Kwenye kioo palitokea maandishi meupe, akayasoma kwa sauti: "Umefikia idadi ya juu ya kompyuta unazoruhusiwa kutumia."

"Kompyuta zipi?" aliniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyeandika. "Mimi ninayo moja."

Akazima akawasha. Akaingiza namba tena, kidole kimoja kimoja. Maandishi yakarudi yaleyale. Simu ikalia. "Bosi, niko getini."

"Nipe muda," mume wangu akasema. "Wananikagua."

Fundi Waya alikuja kesho yake, akakaa mbele ya kioo, akajikuna kidevu. Alieleza kwamba ndani ya gemu orijino wenye kampuni huweka mlinzi, programu ya kuzuia wizi. Mlinzi huyo anavikariri vifaa vya kompyuta yako. Ukibadilisha kifaa kikubwa, anahesabu kwamba hii ni kompyuta nyingine na huyu ni mtu mwingine. Na kampuni imemruhusu ahesabu mara tano tu.

"Kwa hiyo ameniona mwizi," mume wangu akasema.

"Amekuona watu watano, mzee. Wa sita ndiye amemzuia."

"Na wale vijana wenye za kuchakachua?"

Fundi Waya alicheka kicheko cha mtu asiyependa anachokwenda kusema. "Wale wanacheza. Waliovunja ile gemu walimng'oa mlinzi kwanza kabla ya kuigawa. Mlinzi yumo humu tu, kwenye ya kununua. Hana mwizi wa kumkamata, kwa hiyo anashinda na wewe."

Nilikuwa natia vifungo kwenye shati. Nikajichoma. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: aliyeiba yuko barabarani anapiga honi, aliyenunua amekaa getini anathibitisha kwamba yeye ni yeye.

Kununua upya hakukuwezekana. Gemu ile waliacha kuiuza zamani. Lilikuwepo toleo jipya, lakini lilitaka kompyuta kubwa kuliko zetu zote mbili, yetu na ya binti wa Utingo. Kwa hiyo tuliandikia kampuni. Nasema tuliandika, lakini mwandishi nilikuwa mimi, maana mume wangu akishika kibodi anaandika kama anayepanda mahindi, shimo moja moja. Tukaeleza kila kitu kwa adabu: mgongo, sevisi, ubao mkuu, hata Utingo na macho yake. Nilidhani upande wa pili yuko mtu.

Jibu lilikuja palepale, kabla sijainuka kitini, na ndiyo maana nikajua hakuna mtu. Lilitushukuru kwa kuwasiliana nao. Likataka picha ya risiti.

Risiti tulikuwa nayo. Mume wangu hajawahi kutupa karatasi ya mzigo. Alikwenda kwenye mkoba wake, akaitoa kwenye bahasha, akaifungua taratibu, na ilikuwa nyeupe pe. Ile karatasi laini ya madukani, wino wake huwa unaondoka wenyewe. Aliigeuza upande wa pili. Akaiweka kwenye mwanga wa dirisha. Nikamwambia tuipige picha hivyohivyo, tukaipiga, tukaituma picha ya karatasi tupu. Wakajibu kwamba picha haisomeki, tafadhali tutume nyingine.

Tukatuma picha ya boksi. Wakataka kibandiko cha nyuma ya boksi. Kibandiko kilikuwa kimechunwa na mjukuu siku aliyopata meno. Tukaeleza. Wakasema ombi letu limehamishiwa idara nyingine, na idara nyingine ikaanza kwa kutaka picha ya risiti.

Jumamosi zikawa zinakuja na kupita. Kila Jumamosi baada ya chakula simu inalia, na Utingo hajalalamika hata siku moja. "Bosi, niko getini, injini inanguruma."

"Bado wananikagua."

"Hamna neno. Nitakuwa hapahapa."

Na alikuwa anakaa hapo kweli. Hakutoka kwenda kuzurura peke yake. Walikuwa wanaongea kidogo, yeye na lori lake getini, mume wangu mbele ya maandishi meupe, halafu wanaagana. Nilimwambia mume wangu angalau umwambie azime, anapoteza bando. Akanijibu kwamba utingo hazimi injini, anayezima ni dereva. Kisha akasema kitu ambacho kimenikaa. "Nimelala mipakani mimi, mama watoto. Nimekaa foleni mpaka ndizi zikaiva garini. Lakini pale kuna mtu. Unamwamkia, unamwuliza watoto hawajambo, anakutukana, mnaelewana. Hapa naongea na ukuta."

Nilikuwa nimechoka kuona sura yake. Nilikuwa na hasira pia, na sioni haya kusema, hasira za kutaka kumjua mtu mmoja tu wa kampuni ile nimwulize amezaliwa na nani. Lakini uchovu ulizidi. Hasira inataka mtu wa kuipokea.

Mwishowe mimi ndiye niliyekwenda kwa Fundi Waya kwa mlango wa nyuma. Nikamwambia, weka hiyo ya kuchakachua, dhambi nitabeba mimi. Alikuja, akachomeka kidude chake, akaondoka kabla chai haijapoa. Gemu ikafunguka bila swali hata moja. Bandari ile, mataa yale, lori lile. Mume wangu alitazama kama mtu aliyeingizwa kwake kwa kupitia dirishani. Alikaa, akashika usukani, akatoka getini. Akaendesha mpaka njia panda ya kwanza, akatafuta mlango wa msafara. Haukuwepo. Nakala za wizi zilifungiwa nje ya msafara. Unaweza kwenda popote unapotaka, ila peke yako.

Akasimamisha lori kando. "Barabara hii haina mtu," alisema.

Siku iliyofuata alimwita Fundi Waya aitoe. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Kisha Ijumaa moja binti wa Utingo alinipigia mimi, si mume wangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Baba hajambo?"

"Hajambo. Mama, baba hasomi tena maandishi madogo. Anausogeza uso mpaka pua inagusa kioo. Jana alimimina chai pembeni ya kikombe." Akavuta pumzi. "Anasema anamsubiri bosi wake wamfungulie. Mimi sijui watamfungulia lini. Lakini nadhani kama si kesho haitakuwa tena."

Mchana huohuo kampuni nayo ilileta barua pepe. Ombi letu limefungwa kwa kukosa uthibitisho. Chini yake walituomba tuwaambie tumeridhika kiasi gani na huduma yao, tuchague kati ya nyota moja na nyota tano. Nilitafuta mahali pa kuweka sufuri, hapakuwepo. Asante ya punda ni mateke, lakini punda hakuombi umpe alama.

Nikamweleza mume wangu yote mawili, la binti kwanza, la kampuni baadaye. Alikula kidogo, akalala mapema, uso ukutani.

Jumamosi baada ya chakula alisimama mbele ya meza yake. Maandishi meupe yalikuwa pale kwenye kioo. Akanyoosha mkono, akazima kioo. Akauchomoa usukani, akauweka juu ya kabati. Kisha akaja kwangu, akaniomba nisimame, akachukua stuli yangu ya kushonea. Hakuiweka mbele ya meza mahali anapokaa siku zote. Aliiweka pembeni, upande wa utingo.

Akapiga simu, akaiweka sauti ya juu.

"Bosi, niko getini," Utingo akasema. "Wamekufungulia?"

"Hapana. Nimepanda kwako."

Nikasikia tu injini ikinguruma upande wa pili.

"Bosi, mimi vioo vya pembeni sivioni tena."

"Sikuulizi vioo. Barabara ya kaskazini naijua. Wewe niambie unachoona, mimi nitakwambia ni nini. Toa breki."

Akatoa. Sikujua nifanye nini na mikono yangu, kiti nimenyang'anywa, nikakaa juu ya furushi la vitambaa. Mume wangu alifumba macho. Alikuwa anaona zaidi akiwa amefumba, nilikuja kutambua. Barabara yote ile ilikuwamo kichwani mwake, kona baada ya kona.

"Naona kitu cheupe mkono wa kushoto," Utingo alisema.

"Kikubwa?"

"Kikubwa."

"Hilo ni ghala la mbao. Likikupita, punguza. Kuna mzunguko. Toka njia ya pili."

"Naona taa nyekundu. Au ni jua."

"Simama. Jua liko nyuma yako."

Wakaenda hivyo. Sijawahi kumsikia mume wangu akiongea vile. Maisha yake yote yeye ndiye aliyeamuru na mwenzake ndiye aliyeitikia, na sasa sauti ilikuwa ya mtu aliyesimama chini barabarani akimtazamia mwenzake. Kwenye daraja la chuma Utingo alikwaruza ukingo, tela likakwama, nikasikia anapumua kwa nguvu.

"Nimeharibu, bosi."

"Hujaharibu. Weka nyuma. Usukani kulia kidogo. Njoo. Njoo. Bado. Bado. Bado. Haya, simama." Alikuwa anapunga mkono hewani, pale kwenye stuli, kama utingo wote wanavyopunga. "Sasa twende mbele. Uko katikati."

"Ulijifunza wapi kuita hivyo?" Utingo akauliza, na nikasikia anatabasamu.

"Kuna mtu nilikuwa namsikia kila siku."

Sikushona kitu mchana ule. Niliwahi kuchukua shati moja ili nijifanye nina kazi, nikaunga mkono wa kulia kushoto, nikaliacha. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta, maana hakuna aliyekuwa ananitazama.

Walipanda milima. Mume wangu alimtajia gia. Walipita kwenye msitu ambao Utingo hakuuona kabisa, aliona weusi tu, na mume wangu akamweleza miti ilivyo, na kibanda cha mlinzi wa msitu, na moshi unaotoka juu yake. Hakuna aliyeharakisha. Baada ya msitu mume wangu akamwita.

"Nipo," Utingo akasema. "Nadhani nimefika. Kila kitu ni cheupe, bosi. Sijui kama ni theluji au ni jicho langu."

Mume wangu alifumbua macho, akatazama kioo chake kilichozimwa.

"Ni theluji," alisema. "Umefika. Kunja kulia, ingia uwanjani, simama kabla ya ukuta."

Injini ikashuka sauti. Nikasikia breki ikilia, halafu ngurumo ndogo ya lori lililosimama bila kuzimwa.

"Bosi," Utingo akasema.

"Naam."

"Weka jiwe."

Mume wangu akashika ukingo wa meza, akainuka. Nikainuka nami nimsaidie, akanizuia kwa kiganja. Alikwenda mlangoni. Akainama, huyu ambaye hata viatu namfunga mimi. Aliinama kidogo kidogo, mkono mmoja ukutani, nikasikia pumzi inavyomkata, akalinyanyua lile jiwe. Mlango ukajifunga wenyewe na upepo. Akarudi nalo kifuani, akainama tena, akalisukumiza chini ya mguu wa meza.

"Nimeweka," alisema.

Ndipo tukasikia injini ikizimwa.